Mkeka wa Mke Mkubwa

Siku ilianza kama siku zote za Katito mwezi wa pili: jua kali, vumbi, na malori ya Kisii yakipunguza mwendo pale njiapanda ya Kendu Bay huku akina mama wakiyakimbilia na mayai ya kuchemsha. Rosa, mke mkubwa wa Gordon Okinyi, alikuwa ameketi nyuma ya gunia lake la njugu, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, hana habari na mtu. Nasema haya kwa haki yangu yote. Boma letu na la Gordon yametenganishwa na ua wa ojuok tu, ile miti ya maziwa yanayopofusha, na hakuna jambo lililowahi kuvuka ua ule bila mimi kulijua. Wengine hapa kijijini watakusimulia kwa kubahatisha. Mimi nilisimuliwa na Rosa mwenyewe, tena mara tatu, na la mwisho nimeliona kwa macho yangu haya mawili.

Basi akaja Sylvia muuza nyanya, mdomo umejaa habari.

"Mama Oyugi, hongera! Nasikia mnaenda Kampala."

"Nani anaenda Kampala?"

"Si ni chama cha Baba Oyugi, kile cha wafugaji samaki. Wanaenda kutembea, kuona makao ya wafalme. Kila mwanaume na bibi yake." Sylvia akajifanya kushtuka. "Kwani hukuambiwa? Winny ameshasuka nywele."

Kopo la kupimia njugu likamponyoka Rosa. Njugu zikamwagika mavumbini, wala hakuziokota.

Nikueleze kidogo. Gordon anafuga samaki kwenye vizimba ndani ya ziwa, na kazi hiyo imemweka Kisumu, mtaa wa Migosi, pamoja na Winny, mke wake wa pili. Rosa ndiye anayelinda boma hapa Nyakach, akimwangalia mama mkwe ambaye macho yameingia ukungu. Sasa kwetu Waluo mke wa kwanza ni mikayi, na mikayi si jina la kubembelezana. Nyumba yake ndiyo inayotazama lango. Yeye ndiye hupanda mbegu ya kwanza na kuvuna suke la kwanza, na usiku wa kuamkia kupanda, mume hulala kwake, apende asipende. Wa pili hufuata. Ukivuruga mpangilio huo, chira, laana ya kuvunja mwiko, inaingia bomani, na chira haina daktari.

Jioni Rosa akapiga simu.

"Baba Oyugi, nani huingia shamba kwanza?"

"Ni wewe, Mama Oyugi. Kwa nini?"

"Na Kampala, nani ataingia kwanza?"

Gordon akakohoa kikohozi cha mtu aliyeshikwa. "Lakini unajua, kiti kilikuwa kimoja..."

"Basi huyo mtoto akalie kiti. Mimi nitakukalia magotini, kutoka Kisumu hadi Busia hadi huko kwa wafalme."

Kiti cha pili kikapatikana.

Waliondoka Kisumu asubuhi, basi la kukodi, dereva akiwa Mukhwana, mtu wa mpakani anayezungumza Kiganda kama aliyezaliwa nacho. Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina cha kuonyesha. Walitembezwa kasri, wakatembezwa makanisa, wakapelekwa kwenye ziwa la mfalme, lile watu wa zamani walilolichimba kwa mikono. Wenzake wakashangaa. Rosa akalitazama, akasonya.

"Hii ni ziwa ama ni kizimba cha Gordon? Waje Dunga, ziwani kwetu, tuwaonyeshe maji."

Lakini moyoni hakuwa akitazama maji. Alikuwa akimtazama Winny. Winny alipiga picha kila mahali, kidevu juu, mkono kiunoni, na kila picha alisimama mbele. Rosa akaanza kukimbilia mbele. Penye mlango, aingie yeye kwanza. Penye sanamu, aishike yeye kwanza. Kwenye mnara wa msikiti mkubwa, ngazi mia tatu na ushee, mama wa miaka hamsini mwenye magoti mabovu alipanda akihema kama mvukuto ili mke mwenzake mdogo asitangulie kufika juu.

Alitangulia kweli. Akageuka kutazama chini kwa ushindi. Na hapo, kwenye kona ya ngazi, akamwona Gordon akipanda polepole, amebeba mkoba wa Winny. Mkoba mwekundu, begani, kama wake mwenyewe. Watoto sita Rosa alimzalia mtu yule. Hata kikapu cha omena hakuwahi kumshikia.



Mchana wa siku ya pili, Mukhwana akawaambia, "Niwapeleke mahali watalii hawafiki?" Kilima chenyewe nakijua jina, ila sikitaji, na ninajua kwa nini sikitaji. Palikuwa na nyumba moja ya duara, ya nyasi, paa limeshuka hadi karibu na ardhi kama kofia iliyovutwa machoni. Ndani amelala mfalme mmoja wa zamani. Wenyewe hawasemi amelala. Wanasema ameingia msituni, atarudi.

Walivua viatu. Sakafu ilikuwa imetandazwa nyasi kavu, laini, zenye harufu ya mvua ya mwaka juzi. Mbele kulikuwa na pazia la gome la mti, rangi ya damu iliyokauka. Na kandokando ya ukuta, mikeka. Bibi kizee mlinzi wa mahali pale alizungumza Kiswahili cha kukatakata, sauti ya chini.

"Hapa, wake wa mfalme. Kila mmoja, mkeka wake. Wanapokezana kukaa, ukoo kwa ukoo, mpaka leo." Akaonyesha mkeka ulio karibu kabisa na pazia. "Huu, mke mkubwa. Msiukalie."

"Mwenyewe yuko wapi?" Gordon akauliza.

"Ametoka tu."

Mkeka ulikuwa umebonyea katikati, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Winny hakuwa na nia mbaya, masikini. Akanyoosha simu, akamwomba Gordon, "Babe, nipige moja nikichuchumaa hapo karibu na mkeka. Hapo tu kando."

Rosa akasikia neno lile, babe, mbele ya chama kizima. Akaona mdogo wake anasogea, anakunja sketi, anakwenda kupigwa picha mahali pa mke mkubwa. Hakufikiri. Alipita katikati ya watu, akamsukuma Winny kwa nyonga, akaketi. Katikati ya mkeka. Miguu ameinyoosha kama yuko sebuleni kwake.

"Mikayi hukaa mbele," akasema. "Sasa piga picha."

Hakuna aliyecheka. Bibi kizee alikuwa amepiga magoti, si kwa Rosa, bali kwa kitu kilicho nyuma yake Rosa. Alipoinua uso alimnong'oneza.

"Nyumbani kwako, wewe ni wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Bibi akatikisa kichwa, polepole, kwa huruma.

"Ulikuwa."

Rosa aliponyanyuka, mkeka ulikuwa na joto. Joto la makalio yake, akajiambia. Lakini lilikuwa joto la watu wawili.

Walirudi salama. Winny na Gordon wakashuka Kisumu, Rosa akaendelea hadi Nyakach, akaanza kujigamba sokoni kuhusu mnara na kasri. Kuhusu mkeka hakusema.

Mambo yalianza kidogo kidogo, tena mchana kweupe. Siku moja alitoka kisimani saa saba akakuta kiti chake cha jikoni kimehamishwa, kimetazama lango. Akakigusa. Cha moto. Siku ya pili alikuta maharagwe yake yamekorogwa, na mwiko umelazwa upande wa kushoto wa sufuria, na yeye hulaza kulia tangu aolewe. Siku ya tatu Sylvia akamnunia.

"Mama Oyugi, kama umeenda Kampala mara moja ndiyo usalimiwe na unyamaze?"

"Lini?"

"Jana, pale langoni kwako. Nimekuita mara tatu. Umenitazama tu."

Jana Rosa alikuwa soko la Sondu kutwa nzima.

Akaenda kwa mama mkwe, aliyekuwa akiota jua mlangoni. "Mama, kuna mtu huja hapa nikitoka?"

"Nyar Seme," yule mzee akamjibu, maana humwita binti wa Seme, kwao alikozaliwa, "huyo mgeni wako ni mpole. Ananiletea maji. Anapiga magoti vizuri, kuliko wewe. Ila haongei."

"Anafanana vipi?"

"Mimi naona vivuli tu, mwanangu. Kivuli chake ni kirefu."

Sasa wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi pia ningeelewa, tena haraka, kwa sababu kichwa changu, ingawa nilikiondoa shuleni darasa la sita, hakina kutu. Lakini wivu ni kama ule utomvu wa ojuok. Ukiingia machoni, unaona kitu kimoja tu. Rosa aliona Winny. Nani mrefu? Winny. Nani anajua kujipendekeza kwa wazee? Winny. Huyu mtoto, akawaza, anakuja kimyakimya kutoka Kisumu, anakalia kiti changu, anapika kwa sufuria yangu, anamzoeza mama mkwe. Anataka ukubwa wangu.

Mvua ikatangazwa. Gordon akapiga simu: anakuja Alhamisi alale, Ijumaa alfajiri wapande. Rosa akapiga hesabu zake. Kama Winny anataka kuniibia nafasi, ataiiba siku hiyo. Atamfuata mume nyuma, alale naye, apande mbele yangu. Basi nitamzuia mlangoni kwake.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, siku ambayo mikayi yeyote mwenye akili hatoki bomani, Rosa alijifunga leso akaenda Kisumu.

Alifika Migosi kabla ya saa sita. Winny alikuwa anafua kwenye karai, mapovu hadi viwikoni. Gordon ameshaondoka, akasema.

"Najua ameondoka. Nimekuja kukaa na wewe."

"Kukaa na mimi?"

"Mpaka jioni. Tupige hadithi."

Winny si mjinga. Alikausha mikono, akavuta stuli. "Mama, wewe unanichunga."

"Nakuchunga, ndiyo. Nani amekuwa akiingia jikoni kwangu?"

"Jikoni kwako? Mama, mimi tangu Kampala sijakanyaga Nyakach. Uliza hata mwenye nyumba. Na hivi ninavyokuogopa? Tangu unisukume pale mbele ya watu, hata zile picha nimezifuta."

"Kwa nini umezifuta?"

Winny akatazama mapovu. "Ile yako ya kwa mkeka. Nilihesabu magoti."

"Magoti?"

"Yalikuwa manne."

Mvua ikaanza hapo hapo, ghafla, juu ya mabati. Ilinyesha saa nane, ikanyesha saa tisa, maji yakapita uani na sabuni na viatu vya watu. Saa kumi Rosa akasema sasa anarudi. Jirani akawaambia barabara ya Ahero imefunikwa, mto Nyando umevuka kingo, magari yanageuzwa.

Rosa akachukua simu. Winny akasimama karibu, akasikiliza.

"Baba Oyugi, nimekwama. Niko Migosi, mvua imefunga njia. Unisikie vizuri. Usipande mpaka nifike."

Gordon akacheka. Cheko la mtu aliyeshiba.

"Mama Oyugi, wacha mchezo. Unanipigia simu na umekaa hapo jikoni?"

"Gordon. Niko Migosi."

"Si ninakuona. Umenipa kisogo, unapepeta mbegu." Akashusha sauti, kama anayeona raha kutaniwa. "Sauti inatoka kwa simu, na wewe hata mdomo haufunguki. Umejifunza wapi hiyo?"

"Gordon, toka. Toka hiyo nyumba!"

Mvua upande huu. Upande ule, hakuna mvua. Kulikuwa na mkwaruzo tu. Kama mtu mzito anatembea juu ya nyasi kavu, anaikaribia simu.

Ikakatika.

Wake wenza wawili wakatazamana. Winny akamsogelea.

"Mama," akanong'ona. "Kama wewe uko hapa. Na mimi niko hapa. Huko ni nani?"

Walitoka pamoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa walishikana mikono. Waliishia Ahero, maji kiunoni, wakageuzwa, wakakesha kwenye baraza ya duka. Simu ya Gordon haikupatikana tena. Maji yalipopungua wakavuka kwa trekta, wakaunga kwa pikipiki, na saa moja na nusu asubuhi wakaingia langoni.

Gordon alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mke mkubwa, anakunywa uji. Miguu ina udongo. Alimwona Rosa, akatabasamu. Halafu akaona leso iliyolowa. Akaona Winny. Kikombe kikaanza kugongana na meno yake.

"Wewe umetoka wapi?"

"Migosi. Nimekuambia."

"Lakini si tumelala..." Akageuka kutazama ndani ya nyumba. "Si tumepanda pamoja? Mimi na wewe. Alfajiri. Wewe mbele, mimi nyuma. Huu uji umenipa wewe. Umeingia ndani sasa hivi kuchukua mwingine."

Hakuna aliyeingia kuangalia.

Wakaenda shambani. Mstari wa kwanza ulikuwa umepandwa, kutoka ukingo hadi ukingo, umenyooka kama uzi. Jembe halikuwa limetumika. Kila shimo lilichimbwa kwa vidole. Rosa alichomeka kidole chake kupima. Kiliingia chote, na shimo likaendelea.

Mama mkwe aliongozwa hadi pale. Alisikiliza kila mmoja, Gordon akilia kama mtoto, Winny akiapa kwamba mikayi alikuwa naye Migosi. Yule mzee akauliza jambo moja tu.

"Mbegu imeingia ardhini?"

"Imeingia, Mama."

"Na mume alilala?"

Gordon akainamisha kichwa.

"Basi aliyepanda amepanda. Mimi sina dawa ya hilo." Akamgeukia Rosa, macho yake ya ukungu yakamkosa kidogo, yakaangukia begani. "Nyar Seme, una njia mbili. Utupe jembe, tusilime, hawa watoto wako sita wale mawe. Au ufuate."

Ufuate. Neno hilo ndilo Rosa aliloliogopa maisha yake yote. Kwa ajili yake alipanda ngazi mia tatu. Kwa ajili yake aliacha nyumba yake wazi ili alinde mlango wa mwenzake. Alisimama muda mrefu, jembe mkononi, mvua ya manyunyu usoni. Angeweza kung'oa mstari ule. Alifikiria. Alipiga hata hatua.

Upepo ukatulia. Mlango wa nyumba kubwa, nyuma yao, ukafunguka taratibu, kwa mlio wake ule ule wa bawaba.

Winny aligeuka, akafumba macho. Gordon hakugeuka. Rosa naye hakuhitaji kugeuka. Aliyasikia macho yale mgongoni, kati ya mabega. Yalimpima nywele. Yakampima kiuno. Yakahesabu watoto wake. Aliyatambua macho yale kwa sababu ni yeye aliyekuwa nayo: hivyo hivyo ndivyo alivyomtazama Winny, siku kwa siku, miaka tisa.

Akapiga magoti. Akaanza mstari wa pili.

Winny, bila kuambiwa, akashika wa tatu.

Tangu siku hiyo Rosa anakaa katika nyumba ndogo aliyojengewa upande wa kulia wa boma, mahali pa mke wa pili. Anaendelea vizuri, ananenepa hata, na hagombani na mtu. Akitaka kitu kutoka nyumba kubwa, anasimama uani, anasema hodi, anasubiri, halafu anakwenda zake bila kuingia. Winny humletea zawadi kutoka Kisumu. Gordon amezeeka ghafla. Kila msimu mvua ikikaribia, huja peke yake, hunywa pombe nyingi, huingia nyumba ile, na asubuhi mstari wa kwanza huwa umepandwa. Amejaribu kutokuja. Alikuta miguu yake imemleta.

Na sasa lile nililoahidi, nililoliona mwenyewe, wala si la kuambiwa. Mbegu alizopepeta yule mama wa nyumba kubwa zilikuwa za mahindi, Gordon anaapa. Mstari wa pili ulitoa mahindi. Wa tatu pia. Wa kwanza ulitoa migomba. Kumi na mitano, katika udongo ule wa Nyakach unaopasuka kama kisigino, mahali ambapo hata babu yangu, mkulima hodari kuliko wote wa tarafa hii, alishindwa kuotesha mgomba mmoja. Haimwagiliwi. Haikauki. Gordon aliikata mara mbili, ikasimama tena kabla ya Jumapili.

Nenda ukaitazame, mchana, ule wakati upepo wa ziwa unapovuma kwa nguvu kutoka magharibi na kila mti wa Nyakach, hata ule ojuok wetu, unainamia mawio ya jua. Majani ya migomba ile yameinamia machweo. Migomba yote kumi na mitano, dhidi ya upepo, imeelekea mpakani, kule Kampala.

Wiki iliyopita nilihesabu tena. Iko kumi na sita, na ule mpya umeota upande wetu wa ua.